Gettysburg Juu ya Meza: Mchezo wa Vita Nilioupata Sabasaba

Sanduku hili nililikuta kwenye meza ya muuza mitumba katika soko la Sabasaba hapa Dodoma, likiwa limefunikwa nusu na viatu vya watoto vilivyofungwa kamba jozi kwa jozi. Juu yake palichorwa askari wa koti la buluu na askari wa koti la kijivu wakitazamana kwenye ukuta wa mawe, na chini ya picha iliandikwa tarehe: Julai 1 hadi 3, 1863, siku za mapigano ya Gettysburg, mji wa Pennsylvania nchini Marekani. Muuzaji, ambaye aliamini kuwa ni picha ya kuunganisha vipande, alitaja shilingi 35,000, nasi tukakubaliana 22,000 baada ya kuhesabu kete pamoja na kuona kwamba nane hazimo. Ninafundisha historia kidato cha tano na cha sita, na kwa miaka mingi Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani (1861–1865) nimevieleza kwa chaki na ishara za mikono. Nimeshaucheza mchezo huu mara sita, na ninaandika kwa ajili ya mwalimu au mzazi atakayekutana na sanduku kama hili akajiuliza kama linastahili fedha yake.

Ndani mna ramani ya karatasi ngumu, kete za kadibodi karibu mia mbili, dadu mbili, na kijitabu cha kanuni kilichoandikwa kwa Kiingereza cha kijeshi ambacho kilinichukua siku mbili kukielewa. Ramani imegawanywa katika vijumba vya pembe sita. Kila kete ina jina la kamanda, tarakimu ya nguvu na tarakimu ya mwendo. Na kila zamu ni saa moja ya mapigano. Kete za buluu ni Jeshi la Potomac la upande wa Muungano, yaani majimbo ya Kaskazini, lenye askari wapatao 90,000 chini ya Jenerali George Meade, ambaye alikabidhiwa ukamanda Juni 28, siku tatu tu kabla ya mapigano haya kuanza. Kete za kijivu ni Jeshi la Northern Virginia la Shirikisho la majimbo ya Kusini, lenye askari wapatao 70,000 chini ya Jenerali Robert E. Lee, ambaye mwezi Mei alikuwa ameishinda Kaskazini kule Chancellorsville na sasa alikuwa amevuka mpaka kuipeleka vita Pennsylvania. Neno Muungano lina uzito wake kwetu, na mwanafunzi wa hapa halihitaji kufafanuliwa mara mbili.

Mpinzani wangu ni jirani, sajini mstaafu wa jeshi. Mimi humwita Afande, naye huniita Mwalimu hata wakati anaponipiga mizinga.

Uzuri wa mchezo unaanzia kwenye barabara. Gettysburg ulikuwa mji wa watu wapatao 2,400 tu, lakini barabara kumi zilikutana hapo, kama zinavyokutana Dodoma barabara za Singida, Arusha, Iringa na Morogoro, na ndiyo maana majeshi mawili ambayo hayakuwa yamepanga kupigana mahali hapo yaligongana hapo. Waliotengeneza mchezo wamelielewa jambo hili vizuri. Hupangi majeshi yako yote mezani tangu mwanzo. Kete zinaingia kidogo kidogo kutoka kwenye kingo za ramani, kila moja kwa barabara yake na saa yake, na mchezaji wa buluu anaanza na kete chache za wapanda farasi wa Jenerali John Buford, ambao tangu kama saa moja na nusu asubuhi walishuka kwenye farasi wao na kupigana kwa miguu ili kuchelewesha askari wa miguu wa Lee hadi wenzao wafike. Mara ya kwanza nilipokaa upande huo nilizihifadhi kete za Buford kama mtu anayehifadhi akiba ya mwisho wa mwezi, nikazirudisha nyuma mapema mno, na ilipofika saa nne vilima vyote vya kusini mwa mji vilikuwa mikononi mwa Afande. Hapo ndipo nilipoelewa, baada ya miaka yote ya kulifundisha, kwa nini ucheleweshaji wa saa chache wa wapanda farasi wale unatajwa kwa heshima kubwa.

Kanuni nyingine iliyobuniwa kwa akili inahusu macho. Kete za buluu hulazwa kifudifudi, na mchezaji wa kijivu haruhusiwi kuzifunua hadi Jenerali J.E.B. Stuart na wapanda farasi wake wafike, yaani alasiri ya siku ya pili, kwa sababu Stuart alikuwa amezunguka mbali na jeshi kuu na Lee akabaki hajui adui yuko wapi wala ana nguvu kiasi gani. Afande hakuipenda kabisa. Aliziangalia zile kadibodi zilizogeuzwa migongo, akasema, «Mwalimu, unanipiganisha nikiwa nimefungwa kitambaa machoni.» Nilimwambia kuwa hayo ndiyo yaliyomkuta Lee, naye akanyamaza kidogo, akaomba dadu.

Siku ya pili ndiyo kiini cha sanduku hili. Jeshi la Muungano, likiwa limefukuzwa mjini jioni ya siku ya kwanza, lilijipanga juu ya vilima kwa umbo la ndoano: kuanzia Culp's Hill, likazunguka Cemetery Hill, kisha likashuka kusini kwa mgongo mrefu wa ardhi hadi Little Round Top, umbali wa karibu kilomita tano. Jeshi la Kusini lilikuwa nje ya ndoano hiyo, likinyooka kwa mstari mrefu zaidi ingawa lilikuwa na watu wachache zaidi. Jambo hili likisomwa darasani hupita kama upepo, lakini mezani linauma: Meade akitaka kuhamisha kikosi kutoka ubavu mmoja hadi mwingine anahitaji zamu moja au mbili, ilhali Lee anayetaka kufanya vivyo hivyo anazunguka kwa zamu nne. Katika michezo sita hatujaona Kusini ikifanikiwa kushambulia pande mbili kwa wakati mmoja, na sidhani ni bahati ya dadu.

Mchezo pia unatambua kwamba makamanda si mashine. Kuna kadi inayoweza kumlazimisha mchezaji wa buluu ahamishe kikosi cha Jenerali Daniel Sickles mbele ya mstari bila kutaka, kama Sickles mwenyewe alivyofanya bila ruhusa hadi kwenye bustani ya mipichi, akaacha Little Round Top bila ulinzi. Kilima hicho ni kidogo, chenye mawe makubwa yaliyorundikana ambayo mtu wa Dodoma hahitaji picha ili kuyaelewa. Jenerali Gouverneur Warren alikiona kiko tupu, akatuma watu haraka, na miongoni mwao walikuwemo askari wa rejimenti ya 20 ya Maine chini ya Kanali Joshua Chamberlain, ambaye kabla ya vita alikuwa mwalimu wa chuo. Risasi zao zilipokaribia kwisha walifunga singe na kuteremka kwa kishindo dhidi ya waliokuwa wakipanda. Nakiri kuwa mwalimu mwenzangu huyu hunifurahisha kupita kiasi, na kete yake ndiyo pekee ambayo sikubali itolewe mezani bila kurusha dadu mara mbili.

Siku ya tatu, kwa maoni yangu, ndipo mchezo unapoyumba. Julai 3, kama saa saba mchana, mizinga ya Kusini zaidi ya mia moja ilianza kupiga, na kama saa tisa askari wapatao 12,500 walitembea zaidi ya kilomita moja ya mashamba ya wazi kuelekea katikati ya mstari wa Muungano, katika shambulio linalojulikana kwa jina la Jenerali George Pickett. Zaidi ya nusu yao waliuawa, walijeruhiwa au walitekwa. Kanuni zinamlazimisha mchezaji wa kijivu ashambulie siku hiyo, la sivyo anahesabiwa ameshindwa. Afande alihesabu vijumba vya wazi kwa kidole, akafika saba, akasema, «Hapa hakuna hata mti wa kujificha. Askari wangu siwapeleki.» Jenerali James Longstreet, aliyepewa kazi ya kulisimamia shambulio hilo, naye hakuliamini, na Lee angeweza kuamua vingine. Mchezo unaokuachia uhuru siku mbili nzima kisha ukakunyang'anya siku ya tatu unafundisha kwamba historia haikuwa na njia nyingine, jambo ambalo mimi huwakataza wanafunzi wangu kuliandika.

Sikubaliani pia na maneno ya nyuma ya sanduku yanayodai kuwa vita viliamuliwa hapa. Ni kweli kwamba karibu watu 50,000 wa pande zote mbili waliuawa, kujeruhiwa, kutekwa au kupotea kwa siku tatu, na kwamba Lee hakuivamia tena Kaskazini kwa jeshi kubwa namna ile. Lakini alivuka Mto Potomac na kurudi Virginia katikati ya Julai, na mapigano yakaendelea hadi Aprili 1865. Siku moja baada ya Gettysburg, Julai 4, mji wa Vicksburg ulijisalimisha kwa Jenerali Ulysses Grant pamoja na jeshi zima lililokuwa ndani yake, na muda mfupi baadaye Mto Mississippi wote ukawa mikononi mwa Muungano. Nikilazimishwa kuchagua pigo lililoiumiza Kusini zaidi, nitachagua hilo la mtoni.

Kasoro kubwa kuliko zote ni kwamba neno utumwa halimo katika kijitabu chote. Kete za buluu na za kijivu zinakutana kama timu mbili za mpira, na kijana akicheza bila mwalimu atainuka mezani bila kujua walikuwa wakigombania nini. Mwaka 1860 Marekani ilikuwa na watumwa karibu milioni nne, na Lee alipoingia Pennsylvania askari wake waliwakamata watu weusi, wakiwemo waliozaliwa huru, na kuwapeleka Kusini utumwani. Darasani pengo hili ninaliziba kwa merikani. Wanafunzi wangu wa Kigogo wamesikia habari za misafara iliyopita Ugogo na hongo, yaani ushuru wa kupita, iliyotozwa humo. Wachache wanajua kuwa kitambaa kilicholipwa kama hongo, kile tulichokiita merikani, kilifumwa katika viwanda vya kaskazini mwa Marekani kwa pamba iliyolimwa na watumwa wa Kusini, na kwamba vita hivi vilipozuka kitambaa hicho kiliadimika Zanzibar. Nikishaeleza hayo, kete huanza kusogezwa kwa uangalifu mwingine.

Kuhusu matumizi, tengeni saa tano na msicheze barazani. Julai hii upepo wa Dodoma ulibeba brigedi nzima ya Meade hadi kwenye banda la kuku, na kete mbili hatukuziona tena. Kete zilizopungua tumezibadilisha kwa kete za bao zilizopakwa rangi ya kucha. Ramani niliifunikisha kwa plastiki kwenye duka la kurudufu karatasi, na nashauri ifanywe hivyo siku ileile ya kununua, kwa maana mikunjo ya karatasi huchanika upesi. Bei ya hadi shilingi 30,000 ningeilipa tena bila kinyongo, kwa ajili ya siku mbili za kwanza peke yake.

Kwenye ramani, karibu na mahali ambapo ubavu mmoja wa shambulio la siku ya tatu ulikomea, kuna kijisanduku cheusi cha nyumba isiyo na jina. Nyumba hiyo ilikuwa ya Abraham Brian, mkulima mweusi aliye huru, aliyekimbia na familia yake kabla ya jeshi la Lee kufika na kurudi akakuta shamba limeharibiwa. Nimeandika jina lake hapo kwa wino. Afande aliuliza kama nyumba hiyo inampa anayeishikilia nguvu ya ziada ya kujilinda. Kanuni hazisemi chochote, kwa hiyo tukakubaliana kwamba inampa moja.