Pikapu Inyanyuliwe Kiasi Gani? Seti Tatu za Saspensheni Sakafuni

Karibuni, watazamaji. Hapa chini, kando ya jeki, nimepanga seti tatu za kunyanyulia pikapu, na swali ninalolipokea kila juma kuhusu seti za namna hii ni moja: gari linyanyuliwe kiasi gani ili lipite porini bila kuwa hatari barabarani? Seti ya kwanza ni vipande viwili vya alumini, kila kimoja kina unene wa milimita 25, vinavyokaa juu ya shokapu za mbele. Ya pili ina springi za koili na shokapu zake, springi mpya za mabapa za nyuma, shakeli za kuzining'iniza, bushi (raba za viungo) na yubolti (bolti zenye umbo la U zinazofunga mabapa kwenye ekseli), na boksi lake limeandikwa milimita 50. Ya tatu ndiyo nzito kuliko zote, kwa maana imejaa mabano ya chuma ya kushushia mikono ya saspensheni (vyuma vinavyoshikilia magurudumu) na difu la mbele (boksi la gia linalogawa nguvu kwa magurudumu), na inaahidi milimita 100.

Nitoe hukumu mapema ili asiye na muda aondoke nayo: kwa pikapu ya kawaida yenye saspensheni huru mbele, yaani kila gurudumu husogea peke yake, na ekseli ngumu iliyokalia springi za mabapa nyuma, mimi ninaishia milimita 40 hadi 50, yaani kama inchi 2 hivi, na ninaichagua seti ya pili. Muda uliobaki nitautumia kueleza kwa nini, kwa sababu namba hiyo haikutoka kwenye boksi. Imetoka kwenye futi ya fundi.

Tuanze na jambo ambalo wengi hulikosea. Ukinyanyua saspensheni, kinachopanda ni bodi, chasisi na vyote vilivyofungwa kwenye chasisi. Ekseli ya nyuma, pamoja na lile bonge la difu lililo katikati yake, hubaki palepale ilipokuwa, kwa kuwa urefu wake kutoka ardhini unaamuliwa na tairi peke yake. Kwa hiyo mtu aliyenyanyua gari milimita 100 na kuacha tairi za kiwandani atakwamia jiwe lilelile alilokwamia mwaka jana, ingawa safari hii atakwama akiwa ameketi juu zaidi. Ukitoka kwenye tairi la 265/65 la rimu ya inchi 17 kwenda 265/70 la rimu hiyohiyo, kipenyo kinaongezeka takriban milimita 26, na difu linapanda nusu yake, milimita 13. Ni kidogo, lakini ni halisi. Faida ya kunyanyua saspensheni iko kwingine: pembe ya bampa la mbele unapoanza kupanda mwinuko, pembe ya nyuma unaposhuka, tumbo la gari unapovuka kigongo, na nafasi ya tairi kubwa kuzunguka bila kusugua madigadi. Ndiyo maana ninashauri tairi lichaguliwe kwanza, kisha uulize ni kimo gani kidogo kabisa kinachotosha kulipokea.

Sasa sogezeni macho kwenye gurudumu hili la mbele. Ninapima kutoka katikati ya habu kwenda juu hadi ukingo wa madigadi, wala sipimi kutoka ardhini, kwa sababu kipimo cha ardhini kinabadilika na upepo wa tairi, na mtu anaweza kujidanganya kwa sentimita nzima. Gari likiwa limetulia, futi inasoma milimita 490. Sasa ninapandisha chasisi kwa jeki taratibu hadi gurudumu lining'inie na tairi litake kuachana na sakafu. Futi inasoma 575. Tofauti ni milimita 85, na hicho ndicho kiasi ambacho gurudumu hili linaweza kushuka kulifuata shimo kabla shokapu haijafika mwisho wake.

Iandikeni namba hiyo, kwa kuwa ndiyo akiba mnayoila mnaponyanyua. Springi ndefu zaidi ikiwekwa juu ya shokapu yenye urefu wa kiwandani, gari linapanda lakini mwisho wa shokapu hausogei. Ukinyanyua milimita 50, katika zile 85 zimebaki 35. Ukinyanyua 75, zimebaki 10, na hapo kila unapopita kwenye tuta utasikia mlio mkavu wa "tak" kutoka mbele, ambao ni shokapu ikigonga mwisho wake. Wapo wanaodhani ni bushi iliyolegea na wanabadilisha bushi mara tatu. Chanzo cha tatizo ni kimo. Ndiyo maana katika seti ya pili nilitaka kwanza kuiona shokapu yenyewe: nimeinyoosha hadi mwisho kando ya ile ya kiwandani, na imeizidi kwa milimita 18. Kwa kuwa shokapu imefungwa karibu na katikati ya mkono wa chini, milimita 18 pale zinakuwa kama 30 na kitu kwenye gurudumu, kwa hiyo mshuko uliobaki unafika takriban milimita 65. Hiyo ni seti iliyofikiriwa na mtu anayejua kazi yake.

Mkono huohuo ndio unaoeleza ujanja wa vile vipande vya alumini. Kipande cha milimita 25 juu ya shokapu kinanyanyua mbele ya pikapu nyingi karibu milimita 50, na kwa kuwa springi haijaguswa, gari linaendelea kuwa laini kama zamani. Mteja hufurahi sana siku ya kwanza. Lakini kipande hicho kimeisogeza shokapu nzima chini, kwa hiyo gurudumu likining'inia linashuka milimita 50 kupita pale ambapo wahandisi walilikusudia lisimame. Boljointi ya juu, kiungo cha mpira kati ya mkono na gurudumu, inapinda hadi ukingo wake, mkono wa juu unakaribia kugusa koili, na sivijointi, kiungo kinachopeleka nguvu ya injini kwenye gurudumu la mbele, inazunguka katika pembe ambayo haikutengenezewa. Upande wa pili, gurudumu likibanwa juu, shokapu inaweza kufika mwisho wake wa ndani kabla mkono haujagusa raba ya kizuizi, na shokapu inayopokea pigo la namna hiyo haidumu.

Nalisema hili nikiwa nimelilipia. Pikapu yangu ya kwanza niliifunga vipande vya aina hii, vinene kuliko hivi, kwenye gereji moja ambayo fundi wake aliniambia kwa moyo mweupe kwamba hakuna kingine cha kubadilisha. Baada ya miezi michache niliona matone ya grisi yamerushwa ndani ya rimu ya kushoto kama mtu aliyepiga chafya. Mpira wa sivijointi ulikuwa umechanika kwenye mkunjo, mikunjo yake ikisuguana kwa sababu ya ile pembe, na mchanga ulikuwa umekwishaingia. Nikabadilisha mpira, ukachanika tena. Tangu siku hiyo, jambo la kwanza ninalolitazama chini ya gari lililonyanyuliwa ni mikunjo ya mpira huo: ikiwa ya juu imebanana hadi inagusana gari likiwa limesimama tu, kimo kimezidi.

Tuje kwenye kupinduka, ambako ndiko neno "salama" linakopimwa hasa. Mamlaka ya usalama barabarani ya Marekani, NHTSA, imekuwa ikitumia tangu mwaka 2001 kipimo chepesi cha kukadiria hatari hii: unachukua nusu ya upana kati ya tairi la kushoto na la kulia, unagawanya kwa kimo cha kitovu cha uzito wa gari. Namba ikiwa kubwa, gari ni gumu kupindua. Chukueni mfano wa pikapu yenye upana wa milimita 1,540 na kitovu cha uzito kilicho milimita 680 kutoka ardhini. Nusu ya upana ni 770, na jibu ni 1.13. Nyanyueni milimita 50, kitovu kifike 730, jibu linashuka hadi 1.05. Nyanyueni 100, jibu ni 0.99. Kwa haki, ekseli na magurudumu hayapandi, kwa hiyo kitovu hupanda pungufu kidogo ya kimo cha seti. Lakini mtu anayenyanyua milimita 100 kwa kawaida anaongeza na tairi kubwa, ambayo inarudisha kile kilichopungua na kuongeza. Kumbukeni pia kwamba hesabu hii inalichukulia gari kama jiwe lisiloinama, ilhali gari halisi linalala kwenye kona na kujipunguzia akiba zaidi, na tairi likichimba udongo laini pembeni mwa barabara haliwezi tena kuteleza ili kulinusuru.

Hapa nina neno na wenye mahema ya juu ya paa. Hema la kilo 60 lililo mita 1.9 kutoka ardhini, juu ya pikapu ya kilo 2,100 yenye kitovu cha milimita 730, linapandisha kitovu hicho milimita 32 hivi. Yaani umefunga seti nyingine ya kunyanyulia bila kugusa spana. Mwenye hema la namna hiyo asizidi milimita 40 kwenye springi, na vitu vizito, hasa maji na mafuta ya akiba, avilaze sakafuni mwa kitanda cha gari.

Seti ya tatu sitaikalia sana. Mabano yake yanashusha mikono na difu ili pembe za sivijointi zibaki kama za kiwandani, na kwa upande huo ni kazi safi kuliko vile vipande vya alumini. Ila bano lenyewe linaning'inia chini ya chasisi na kula sehemu ya nafasi uliyoinunua, chasisi hukatwa mahali fulani, usukani huhitaji kurekebishwa, na ile 0.99 haiondoki eti kwa sababu pembe zimenyooka. Kwa gari la mashindano au la kuchezea kwenye mawe kwa mwendo wa kobe, sawa. Kwa gari linalobeba watoto kwenye barabara kuu, mimi silifungi. Milimita 100 ni kimo cha kukaguliwa na mhandisi na cha kuandikishwa pale sheria inapodai, na bima nayo iambiwe.

Nyuma kuna mambo mawili ambayo maboksi hayayasemi. La kwanza ni vitofali vya chuma vinavyowekwa kati ya ekseli na mabapa ili kupandisha kitako. Kifupi kimoja kwa kila upande kinavumilika. Kirefu kinaipa ekseli mkono wa kuyakunja mabapa unapokanyaga mafuta, na kupandanisha vitofali viwili ni jambo ambalo fundi mwenye kujiheshimu hulikataa. Seti ya pili inapandisha kwa mabapa yenyewe, na hilo ndilo nililotaka. La pili liko hapa, tazameni ninapoelekeza tochi: hiki kifimbo chembamba kinachotoka kwenye ekseli kwenda kwenye vali iliyo kwenye chasisi. Pikapu nyingi zinacho. Kitanda kikibeba mzigo, chasisi inashuka, kifimbo kinasukumwa, na vali inaruhusu breki za nyuma zipate nguvu zaidi. Ukinyanyua kitako milimita 50 bila kurekebisha bano la kifimbo, vali inaamini kuwa gari ni tupu daima, na siku umebeba tani nzima breki za nyuma zinapewa nguvu ya gari tupu. Bano la kurefusha ni kipande kidogo cha chuma. Seti hii imelileta. Ile ya alumini haina, na mwenye nayo alitafute. Wakati huohuo tazameni mipira ya breki na nyaya za ABS gurudumu likiwa limening'inia kabisa na usukani umekatwa hadi mwisho: kama yamekaza, yarefushwe au yahamishwe.

Namba iliyo kwenye boksi nayo ina masharti. Springi hutengenezwa kwa uzito fulani, na springi iliyokusudiwa gari lenye bampa la chuma na winchi, ambavyo pamoja hufika kilo 80 au 100, ikifungwa kwenye gari tupu itanyanyua 65 au 70 badala ya 50, na itakuwa ngumu kama kiti cha mbao. Mwambieni muuzaji uzito wa vifaa vilivyomo kila siku, wala si vya ile safari moja ya mwaka.

Baada ya kufunga, bushi zikazwe gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake, kwa sababu zikikazwa yakiwa yananing'inia zinabaki zimejisokota na kuchanika mapema. Kisha gari liende kwenye alainimenti siku hiyohiyo. Mbele ikipanda, kasta, yaani mwinamo wa mhimili wa usukani ukitazamwa kutoka ubavuni, hupungua, na usukani unapoteza ile tabia ya kurudi wenyewe baada ya kona. Hadi milimita 50 pikapu nyingi zenye mikono ya kiwandani bado zinaweza kurekebishwa zikarudi ndani ya kipimo, na zaidi ya hapo mara nyingi mtahitaji mikono mipya ya juu. Yubolti zikazwe tena baada ya kilomita 500 hadi 1,000, maana mabapa mapya hujikalia.

Gari hili tumelifunga seti ya pili jana. Futi sasa inasoma milimita 537 mbele, yaani 47 juu ya ilivyokuwa, mikunjo ya mpira wa sivijointi imeachana, na kasta imerudi ndani ya kipimo. Lililobaki ni taa: mbele imepanda kuliko nyuma, kwa hiyo mwanga unawapiga wanaokuja machoni. Skrubu ya kuzishushia iko hapa nyuma ya taa, na ninaizungusha sasa hivi, gari likiwa mita 5 kutoka ukutani, hadi mstari wa mwanga ushuke chini ya alama ya karatasi niliyoibandika.