xDrip+ na Nightscout: king'ora cha sukari kilichoanzia kwa wazazi

Nianze na usiku wa juzi. Saa tisa usiku simu inapiga kelele kama king'ora cha zimamoto, naangalia naona sukari 2.9 (mmol/L), yaani iko chini mno, na mshale unaelekea chini, nachukua juisi mbio hadi chumbani kwa binti yangu mwenye kisukari. Kumbe kalalia mkono wenye sensa, kile kidude cha kubandika kinachopima sukari! Nikamgeuza, nikamtoboa kidole, 6.1, sukari iko sawa. Sensa ikikandamizwa na mwili inasoma chini ya ukweli, hiyo mjue mapema msije mkamnywesha mtoto juisi usiku wa manane bure, na stripu za kupimia damu ya kidole msiache kununua.

Pamoja na hayo yote mimi nyuma sirudi.

Kwa wasiojua, xDrip+ ni apu ya Android ya bure kabisa, inapokea namba za sukari kutoka kwenye sensa ya mkononi inazileta kwenye simu. Play Store haipo, unaishusha mwenyewe GitHub, tovuti ambako watu huweka programu zao, na haina kibali cha mamlaka yoyote ya dawa kwa hiyo kabla ya kuchoma sindano ya insulini (dawa ya kushusha sukari) pima kidole. Simu moja inakaa na mtoto, nyingine unaiunganisha kwa kuskani msimbo wa QR basi na wewe unaona ukiwa kazini. Nightscout ndo ile ya kwenye intaneti, ndugu wote mnafungua ukurasa mmoja mnaona grafu, ila hiyo inataka seva (kompyuta inayokaa mtandaoni muda wote) na mtu mwenye uvumilivu, mimi nilisaidiwa na mdogo wangu.

Kinachonifurahisha ni kwamba hii kitu haikuanzia kwenye kampuni. Mwaka 2013 huko Marekani kuna baba anaitwa John Costik, fundi wa programu, mwanae ana kisukari aina ya kwanza, na kifaa cha kupima sukari cha kampuni ya Dexcom cha wakati ule kilikuwa kinaonyesha namba hapo hapo alipo mtoto tu. Baba yuko kazini roho juu. Akaandika programu yake akazichomoa zile namba akazirusha mtandaoni, wazazi wengine wakazitaka, Nightscout ikazaliwa, na kauli mbiu yao ikawa "hatusubiri". Dexcom wenyewe kuruhusiwa kuuza kifaa chao cha kumtumia mzazi namba kwenye simu ilikuja kati ya Oktoba 2014 na Januari 2015, wenzao wameshalala usingizi wao kitambo. Dana Lewis naye, mgonjwa mwenyewe, alianza kwa sababu alamu ya kifaa chake haikuwa inamwamsha usiku, alitaka kelele kubwa zaidi tu, mwisho wa siku akafika hadi kwenye mfumo unaorekebisha insulini wenyewe. Baba watoto wangu ni wa hivyo hivyo, hata geti ligongwe hasikii.

Na ndo maana ukiitumia unaona kabisa waliotengeneza wanaujua usiku wa aina hii. Kuna alamu ya kukuambia sukari ITASHUKA, yaani kabla haijashuka. Kuna sehemu ya kufanya simu itaje namba kwa sauti, mama mkwe macho yake hayaoni vizuri na Kiingereza hajui lakini sasa hivi ikisema "four point two" anaita mtoto aje ale ndizi.

Kasoro? Menyu ni msitu, nimeshapotea humo mara nyingi. Simu zetu hizi za bei poa zina tabia ya kuua apu ili kuokoa betri, kaa ukijua alamu haitalia, ingia kwenye setingi uiruhusu ifanye kazi muda wote. Bando likikata shuleni nabaki gizani.

Kubwa kuliko yote ni sensa. Apu bure, sensa moja tunayotumia sisi siku 14 halafu inatupwa, sisi tunasubiri shangazi yake aje nazo kutoka Muscat, zikiisha tunarudi kwenye vidole mpaka aje tena. Nyota nne, na hiyo niliyokata ni ya menyu.