Chanjo za wasafiri Mbeya mjini: sindano safi, faragha hakuna

Kwa anayekwenda kuvuka mpaka wa Tunduma au Kasumulu, kituo hiki kinachoma vizuri chanjo ya homa ya manjano: kichupa kinatoka kwenye boksi la baridi mbele yako, bomba jipya, kadi papo hapo. Ikague kabla ya kuondoka: jina kama la pasipoti, tarehe, namba ya toleo, saini, muhuri. Inatambulika siku 10 baada ya sindano, kisha ni ya maisha.

Kinachoumiza ni swali la ujauzito kuulizwa dirishani, foleni nzima ikisikia. Mwanamke anajibu "hapana" kwa aibu, na hii ni chanjo ya virusi hai vilivyodhoofishwa, inayohitaji tahadhari kwa mjamzito! Mjamzito, au anayenyonyesha mtoto wa chini ya miezi 9, ana haki ya kuongea na daktari faraghani. Asipochanjwa, adai cheti cha msamaha wa kitabibu.

Wanaohamia Marekani wasiogopeshwe na sharti la chanjo ya HPV (virusi vinavyoweza kuleta saratani ya mlango wa kizazi). Sharti hilo, lililowabana wanawake wa miaka 11 hadi 26 tu, lilianza 2008, likafutwa Desemba 2009. Sharti la chanjo ya surua na rubela bado lipo, ila mjamzito hachomwi. Daktari anaandika sababu kwenye fomu ya uchunguzi wa afya ya uhamiaji.