Uzoefu wangu na R151F nyuma ya 1KZ-TE: kwa nini niliachana na otomatiki

Wengi hapa Nairobi wakiamua kutoa petroli waweke dizeli, wanakimbilia injini kwanza. Wanashuka Kirinyaga Road, wanabishana bei, injini inapakiwa kwenye pikapu mpaka gereji, halafu hapo ndipo fundi anauliza: na giaboksi je? Mimi nilianza na giaboksi, R151F ya manyuali (ya kubadilisha gia kwa mkono) ya kufungwa nyuma ya dizeli ya Toyota 1KZ-TE, na sasa nimeiendesha vya kutosha kusema inanipendeza wapi na inaniudhi wapi.

Gari ni Toyota Hilux Surf ya toleo la 185 iliyokuja na V6 ya petroli, 5VZ-FE ya cc 3,378, na otomatiki ya A340F. Lilikimbia vizuri, ila kila nikiingia kituo cha mafuta nilitoka mnyonge. Bodi hiyohiyo Toyota waliiuza pia na dizeli ya 1KZ-TE, cc 2,982, kwa hiyo maunti (vishikio vya injini), rejeta na mabomba yote yanapatikana bila kuchomelea vitu vya ajabu. Kazi ngumu ni kuamua nguvu ya hiyo injini ipitie wapi kufika kwenye magurudumu.

Fundi wa kwanza niliyemuuliza alinijibu bila hata kufungua boneti: "Mkubwa, otomatiki yako iko sawa. Tunachonga pleti ya kati ya injini na giaboksi, tunaunganisha, unaenda nyumbani." Kuunganisha kweli kunawezekana. Lakini A340F inaendeshwa na kompyuta ya petroli, na injini ya petroli ikitoka, kompyuta hiyo inabaki haina kazi. Halafu kuna suala la mizunguko. V6 ile hutoa nguvu yake kuu ya kuvuta karibu na mizunguko 3,600 kwa dakika, na ukikanyaga mafuta yote giaboksi husubiri ipite 5,000 ndipo ibadilishe. 1KZ imeshavuta vya kutosha ikifika 2,000, na ikikaribia 4,000 nguvu zake zimekwisha. Ukiipa giaboksi inayosubiri 5,000, itasubiri mpaka lini?

Chaguo la pili lilikuwa A343F, otomatiki ambayo Toyota wenyewe waliiweka nyuma ya 1KZ-TE. Hii ni njia ya heshima, mradi uinunue pamoja na kompyuta yake na nyaya zake. Kilichonirudisha nyuma ni joto. 1KZ inajulikana kwa kichwa kupasuka ikichemka, na mafuta ya otomatiki hupozwa ndani ya rejeta ileile inayopoza injini. Mimi hushuka Magadi mara kwa mara, na kule kurudi kupanda mpaka Kiserian jua la mchana likiwa juu, sitaki kuiongezea rejeta mzigo mwingine.

Ndiyo nikabaki na manyuali. Hapo kuna ndugu wawili, R150F na R151F. Kwa nje utaapa ni kitu kimoja. Tofauti iko gia ya kwanza na ya pili: R150F ina 3.830 na 2.062, R151F ina 4.313 na 2.330, yaani shafti ya mbele huzunguka mara hizo ili ya nyuma izunguke mara moja. Gia ya tatu ni 1.436 kwa zote, ya nne ni moja kwa moja, ya tano 0.838.

Muuzaji aliniapia kwamba aliyonayo ni R151F eks-Japani (iliyotumika kule Japani), haijawahi kuguswa. Dukani kila kitu ni eks-Japani na hakuna kilichowahi kuguswa. Nilikwenda na fundi wangu, mzee mmoja wa Kariobangi Light Industries asiyependa maneno mengi. Aliomba chaki. Akaiweka gia ya kwanza, akachora alama kwenye shafti ya mbele na nyingine kwenye ya nyuma, akaanza kuzungusha kwa mkono huku akihesabu kimoyomoyo. Shafti ya nyuma ilipokamilisha mzunguko mmoja, ya mbele ilikuwa imepita minne na karibu theluthi. Ingekuwa R150F, isingefika hata minne. Muuzaji alinyamaza, nadhani hata yeye ndiyo mara ya kwanza kujua alichokuwa anauza.

Kisha mzee akafungua nati ya kumwaga oili, ile yenye sumaku. Ilikuwa na uji wa kijivu, laini, ukiusugua kati ya vidole huhisi chembe. Huo ni uchakavu wa kawaida. Angekuta vipande vya chuma vinavyochoma kidole, au oili inayometameta njano kama dhahabu, tungeondoka, maana ile njano ni shaba ya sinkronaiza, pete zinazolainisha kubadilisha gia, inayokwisha. Mwisho aliishika shafti ya mbele akaitikisa juu na chini, kuona kama beringi zimelegea. Tulilipa, na bei ya mwisho ilikuwa chini ya ile ya kwanza kwa karibu theluthi. Hata hivyo jiandae: giaboksi ya manyuali ya 1KZ ni adimu kuliko injini yenyewe, kwa sababu Surf nyingi za kutoka Japani ni otomatiki, na wauzaji wanalijua hilo.

Kwenye kufunga, nitaje mambo yanayosahaulika tu. Injini iliyotoka kwenye gari la otomatiki haina flaiwili ya klachi (gurudumu zito ambalo klachi hushikia), na nyuma ya krenki haina beringi ya spigoti, ile inayoshika ncha ya shafti ya giaboksi. Fundi asipoiweka hiyo beringi ndogo, ncha ya shafti ya giaboksi inaelea, na hautachukua muda kuanza kusikia mlio. Klachi nzima nilinunua mpya. Kuweka klachi kuukuu kwenye kazi kubwa namna hii ni kujitafutia kufungua giaboksi tena. Fundi wa umeme naye alilazimika kuunganisha waya wa stata uliokuwa ukipitia swichi ya P na N (Park na Neutral) ya otomatiki, la sivyo ungegeuza ufunguo na gari likakuangalia tu. Propela shafti zikapimwa upya, moja ikafupishwa na kupigwa balansi.

Sasa barabarani. Difu yangu ina meno 41 kwa 10, yaani 4.1, na tairi ni 265/70R16. Gia ya tano kwa kilomita 100 kwa saa, injini inazunguka kama 2,350. Kwa Mombasa Road hapo ni pazuri: turbo iko macho, kelele haijazidi, na ukitaka kulipita lori si lazima ushuke gia kila mara. Gia ya kwanza ni fupi mno kwa mjini. Kwenye tambarare naanzia ya pili kama gari halina mzigo. Lakini kwenye mawe, au kushuka kilima chenye tope kule Ngong, ile 4.313 inashika gari bila breki, na hapo namshukuru mzee na chaki yake.

Lalamiko langu kubwa liko kati ya pili na tatu. Panda kutoka Mai Mahiu, ukipita lile kanisa dogo walilojenga wafungwa wa Kiitaliano, uwe nyuma ya lori linalokwenda kilomita 40. Gia ya pili injini inapiga 2,600 na inalia. Ukitia ya tatu inaanguka mpaka 1,600, turbo inasinzia, na mlima unakurudisha kwenye ya pili. Mwenye R150F hateseki hivyo, kwa sababu pili yake iko karibu zaidi na tatu. Kama wewe ni mtu wa lami na safari za Nakuru, na porini unaenda Krismasi tu, tafuta R150F.

Klachi ni nzito kuliko nilivyotarajia. Kwenye foleni ya Waiyaki Way jioni goti linajua. Mke wangu aliliendesha mara chache akanirudishia ufunguo, akasema hilo sasa ni gari la matatizo yangu.

Usisahau karatasi. Namba ya injini ikibadilika, NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, wanataka gari likaguliwe na logbuku irekebishwe, na bima waambiwe. Gereji nyingi hazikukumbushi.

Na kama foleni ya Thika Road ndiyo maisha yako ya kila siku, usinifuate. Chukua A343F na kompyuta yake, toa mafuta yake nje ya rejeta uyawekee kipozeo chake mbele, peke yake, ndipo ufikirie kupanda mlima wowote.