Fremu ya trela la jiko la moshi: chuma cha kununua kwanza na cha kuacha dukani

Anayejitengenezea jiko la moshi la kukokotwa na gari huanza kwa kuota tangi, yaani pipa la chuma ambamo nyama huiva kwa moshi wa kuni. Tangi ndilo litakalopigwa picha. Fremu huja mwishoni, siku moja kabla ya kuchomelea, kwa vyuma vyovyote vilivyoegemea ukuta wa karakana.

Nami nilianza hivyo hivyo. Fremu yangu ya kwanza ilikuwa ya mabomba ya mraba, mm 50 kwa 50, ukuta (unene wa chuma chake) wa mm 2, na trela likiwa limeegeshwa ungeapa ni imara. Baada ya safari tatu za barabara mbovu niliona ufa mwembamba kama unywele pale shingo, yaani mkono unaofungwa kwenye gari, unapokutana na fremu. Mshono wa kuchomelea ulikuwa mzima. Kilichopasuka ni bomba lenyewe, milimita chache pembeni mwa mshono. Tangu hapo nanunua chuma cha fremu kabla ya kutafuta tangi.

Mpangilio huu ni wa jiko la ukubwa wa kati, lenye ekseli moja. Kama lako ni la tangi kubwa la ekseli mbili, mpangilio haubadiliki sana, vipimo ndivyo vinavyopanda.

Piga hesabu ya uzito kabla ya kwenda dukani

Bamba la chuma la mm 6 lina kilo 47 kwa kila mita ya mraba. Chukua tangi lenye kipenyo cha sentimita 60 na urefu wa mita 1.5: pamoja na vifuniko vyake viwili ni karibu mita za mraba 3.4, sawa na kilo 160. Chumba cha moto cha sentimita 60 kila upande kinaongeza kilo 100. Bado milango, nyavu za kuwekea nyama, bomba la moshi, kuni na ndoo ya maji. Kilo 350 zinafika bila mtu kukusudia, na hapo hujapima fremu, ekseli wala magurudumu.

Halafu kilo hizo hazitulii. Gurudumu likitumbukia shimoni, fremu kwa muda mfupi hubeba mzigo unaoweza kuzidi maradufu ule ulioupima. Na tofauti na trela la mchanga, hili lina moto upande mmoja. Chuma cha kawaida hubaki na nguvu zake karibu zote hadi nyuzi 400 hivi za Selsiasi, lakini kikifika 600 kimebakiza chini ya nusu. Kwa hiyo chuma chako kinatakiwa kustahimili vitu viwili, mtikisiko wa barabara na joto la chumba cha moto, na kuna vyuma vizuri sana vinavyoshindwa kimoja kati ya hivyo.

Kimo kabla ya unene

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea. Mnunuzi akitaka fremu imara anaomba chuma kinene. Aombe kirefu kwa kimo.

Linganisha bomba la mraba la mm 50 kwa 50 lenye ukuta wa mm 6 na bomba la mstatili la mm 100 kwa 50 lenye ukuta wa mm 3. La kwanza lina karibu kilo 8 kwa mita, la pili kama 6.7. Ukilisimamisha la pili kwa upande wake mrefu, linapinga kupinda mara tatu zaidi ya lile zito. Umenunua chuma kidogo na umepata fremu ngumu zaidi. Lakini ukililaza bapa, kama nilivyowaona wengine wakifanya ili tangi likae chini, faida yote imepotea: bomba lile lile lililolala lina theluthi moja tu ya ukakamavu wa lililosimama.

Nafasi ya kwanza: bomba la mstatili, mm 100 kwa 50, ukuta wa mm 3

Hili ndilo ninalomwambia kila anayeniuliza. Sababu kubwa si kupinda tu, ni kujisokota. Gurudumu la kushoto likipanda jiwe huku la kulia likiwa chini, fremu inakamuliwa kama nguo. Chuma kilichofungwa pande zote nne hukataa kusokotwa kwa nguvu ambayo chuma kilicho wazi hakiwezi kuikaribia. Na juu ya fremu yako kuna tangi ambalo halisokotiki hata kidogo, hivyo fremu ikilegea, kinachoumia ni miguu ya tangi na mishono yake.

Ukuta wa mm 3 pia unamfaa fundi wa kawaida. Kwa elektrodi ya mm 2.5 unachomelea bila kutoboa, jambo ambalo kwa ukuta wa mm 1.5 linahitaji mkono wa mtu mzoefu. Ukipata wa mm 4 kwa shingo peke yake, chukua. Kwa fremu nzima ni uzito wa bure.

Mabomba haya aghalabu huuzwa kwa vipande vya mita 6, na vipande viwili vinatosha fremu ya mita 2.4 kwa 1.2. Kipande cha kwanza kinatoa mihimili miwili ya mita 2.4 na ubavu mmoja, yaani chuma cha kukingama kati ya mihimili, wa mita 1.1. Cha pili kinatoa mikono miwili ya shingo ya mita 1.5 na mbavu mbili zilizobaki. Jumla kilo 80 hivi. Mikono ya shingo iingie chini ya fremu hadi ifike ubavu wa kwanza, isikomee kwenye ukingo wa mbele. Ufa wangu ulitokana na hilo zaidi hata ya unene.

Dukani nenda na venia, kile kifaa cha kupimia unene. Bomba linaloitwa la mm 3 mara nyingi ni la mm 2.5, na kwa macho huwezi kujua. Pima ukuta kwenye ncha zote mbili, mbali na mshono. Kisha inama, funga jicho moja, utazame bomba kwa urefu wake wote kama unayelenga shabaha. Lililopinda litajionyesha. Angalia na ndani: vumbi jekundu jepesi si kitu, lakini magamba yanayodondoka ukiligonga ni sababu ya kuliacha.

Udhaifu wake ni huo huo wa ndani. Maji yakiingia hayatoki, na bomba hula kutu kimyakimya mpaka siku unapoingiza kidole. Ama ziba ncha zote kwa bamba na mshono usiokatika, ama toboa matundu ya kutolea maji upande wa chini. Kuziba nusunusu ndiko kubaya kuliko yote.

Nafasi ya pili: chaneli

Chaneli ni chuma chenye umbo la U, kilicho wazi upande mmoja. Ya mm 100 kwa 50 ina kilo 9 hadi 10 na ushee kwa mita. Ni nzito kuliko bomba, lakini haina siri: kila uso unaonekana, unakwanguliwa na kupakwa rangi. Anayeishi karibu na bahari, au anayejua trela litalala nje mvua zote, angefikiria kuiweka hii ya kwanza, na nisingebishana naye sana. Kufunga vitu kwa bolti nako ni rahisi, maana unafika nyuma na spana.

Tatizo ni kusokotwa. Chasisi za malori hutumia chaneli kwa makusudi ili zijinyonge kidogo barabarani bila kuvunjika, lakini lori halijachomelewa tangi juu yake. Ukichagua chaneli, usilichomelee tangi moja kwa moja. Likalie miguu yenye bolti, na kona nne za fremu uzizibe kwa vipande vya bamba ili ziwe masanduku.

Nikiwa na uwezo wa kuchanganya, mihimili huwa bomba, na kitanda cha chumba cha moto, yaani vyuma kinavyokalia, huwa chaneli. Pale majivu na mafuta hudondoka, ni bora chuma unachoweza kukifagia.

Nafasi ya tatu: fremu kuukuu ya trela

Huenda ikawa ndiyo bora kuliko zote au mbovu kuliko zote. Ukipata iliyonyooka, yenye ekseli na springi zake, umeokoa wiki mbili za kazi. Pima mshazari kutoka kona hadi kona, kisha mshazari wa pili. Vikitofautiana zaidi ya sentimita moja, fremu imeshagongwa au imejikunja. Chukua nyundo ndogo uigonge kwa chini, hasa springi zinaposhika. Chuma kizima hulia, kilicholiwa hujibu kwa sauti butu. Na dai hati zake kabla hujalipa, kwa sababu trela lisilo na namba wala karatasi linaweza kukuzuilia barabarani kazi yote uliyofanya.

Trela la mashua ninaliogopa. Limekuwa likizamishwa majini, pengine ya chumvi, na umbo lake ni la kushika mashua kwa katikati. Miguu ya tangi ikikaa pembeni, mzigo unaangukia mahali ambapo hakuna chuma cha kuupokea.

Angolaini: msaidizi, asipewe uongozi

Angolaini, chuma chenye umbo la L, ya mm 50 kwa 50 kwa 5 ina kilo 3.8 kwa mita, inakatika kirahisi na inafaa kwa vikapu vya kuni, rafu, vikinga vya taa na vitanda vya tangi. Kama mhimili mkuu inajipinda na kujisokota kwa pamoja. Wapo wanaochomelea angolaini mbili kwa urefu ili wapate bomba. Ukihesabu elektrodi, muda na namna joto linavyozikunja, bomba la dukani lingekuwa nafuu.

Vyuma vya sifa nzuri visivyofaa hapa

Chuma chenye zinki huvutia kwa sababu ya kutu, lakini kinunuliwe kwa mpangilio sahihi: jenga kwa chuma cheusi, yaani kisicho na zinki, kisha fremu nzima ipelekwe kuzamishwa kwenye zinki. Ukianza kuchomelea chuma kilichokwisha kupakwa, moshi wake mweupe husababisha homa na kutetemeka usiku huo huo, na mshono hutoka na vitundu. Lazima zinki ikwanguliwe kwanza kila panapounganishwa. Isitoshe zinki huyeyuka kwenye nyuzi 419, kwa hiyo karibu na moto si kinga tena. Na kama utapeleka fremu kuzamishwa, mabomba yawe na matundu. Bomba lililozibwa lenye unyevu ndani, likitiwa kwenye zinki ya moto, linaweza kupasuka kama bomu.

Alumini ina theluthi ya uzito wa chuma, na ukakamavu wake nao ni theluthi. Kupata ugumu ule ule unahitaji kimo kikubwa zaidi, na faida ya wepesi inaanza kupungua. Joto ndilo linaloimaliza kabisa: alumini za matrela huanza kulegea kati ya nyuzi 150 na 200, na zikichomelewa hupoteza sehemu kubwa ya nguvu kando ya mshono. Kwa trela la kubebea pikipiki, sawa. Hapa hapana.

Stenlesi waachie nyavu na sinia za kukingia mafuta. Ikipata joto hutanuka karibu mara moja na nusu ya chuma cha kawaida, hukunjamana wakati wa kuchomelea, na fremu yake haikupi chochote ambacho rangi nzuri isingekupa.

Nondo, vipande vya reli, springi za zamani na vyuma vya vitanda usiviguse kwa kazi hii. Vingi vina kaboni nyingi, na kando ya mshono hugeuka vigumu na vyepesi kukatika kama kigae. Ukiwa na shaka na chuma chakavu, kiguse na grainda utazame cheche: chuma laini hutoa mistari mirefu isiyo na matawi mengi, chenye kaboni nyingi hutoa cheche fupi zinazopasuka kama nyota. Mbao sina haja ya kuzieleza.

Ulichonunua kikae mbali na moto

Kila mita ya chuma hutanuka milimita 0.012 kwa kila nyuzi moja ya joto. Tangi la mita 1.5 likipanda nyuzi 100 linarefuka karibu milimita 2. Chumba cha moto cha sentimita 60 kikipanda nyuzi 400, karibu milimita 3. Fremu ya chini iko baridi na haiendi popote. Ukichomelea miguu yote minne, kila upikapo unaikamua mishono, na ipo siku mmoja utaachia.

Kwa hiyo chomelea au funga mguu mmoja tu upande wa chumba cha moto, na miguu mingine yote iwe na matundu marefu ya bolti ili iteleze. Chini ya chumba cha moto acha nafasi ya hewa ya sentimita 10 hadi 15, na kama mhimili unapita hapo, weka bamba jembamba katikati kama ngao. Rangi ya kawaida itaungua sehemu hiyo, nunua kopo dogo la rangi ya kuhimili joto kwa ajili ya hapo tu.

Siku ya kuwasha kwa mara ya kwanza, chora mstari wa chaki unaovuka mguu unaoteleza na mhimili wake. Jiko likishika joto, mstari utakuwa umekatika, nusu yake ikiwa imesogea pembeni. Usiposogea, bolti umezikaza mno. Zilegeze robo mzunguko.