eSIM Imegoma Ugenini? Tuifungue Simu Tuone Imekwama Wapi

Haya, karibuni tena wadau. Leo sina boksi la kufungua. Nina simu hii hii mnayoijua, imechubuka hapa pembeni, na ndani yake kuna kitu nilichokilipia dola 11 kikanikalisha sakafuni pale uwanja wa ndege wa Istanbul, saa kumi na moja alfajiri, mgongo ukutani, waya wa chaji umenizunguka shingo kama mganga. Kitu chenyewe ni eSIM ya safari. Laini isiyo na kadi.

Kampuni niliyonunua kwao siitaji, msihangaike kuuliza kwenye maoni. Nimeshatumia za kampuni tatu tofauti, na sehemu zinazokwamisha watu ni zile zile. Kwa hiyo leo naichambua bidhaa yenyewe.

Safari ilikuwa hivi. Nilitoka Dar na mama mdogo. Yeye anafuata nguo Laleli, mtaa wa maduka hapo Istanbul, kisha tunaunganisha Guangzhou, China. Mimi kazi yangu kubeba mizigo na mambo ya simu, maana kwenye ukoo wetu mimi ndiye fundi. Sasa mwoneni fundi alivyoumbuka.

Wiki moja kabla ya safari nilinunua GB 5 za siku 30, nikatumiwa msimbo wa QR kwenye barua pepe. Nikajisemea, naiweka nikifika, nisije nikazila siku zangu nikiwa bado nipo Mbagala. Hapo ndipo nilipojichimbia shimo. eSIM ina hatua mbili, na hizi ukizichanganya umekwisha. Kuna kuiweka, yaani kuipakua ikaingia kwenye simu. Halafu kuna kuiwasha ishike mtandao kule uendako. Kuiweka kunataka intaneti, na ugenini intaneti ndiyo unayoitafuta! Kuhusu siku kuhesabika, kuna kampuni zinaanza kuhesabu ukishaiweka tu, na kuna zinazosubiri laini ishike mnara wa nchi husika kwa mara ya kwanza. Yangu ilikuwa ya aina ya pili. Iliandikwa pale pale kwenye ukurasa wa malipo, mimi sikusoma. Ningeiweka nyumbani kwa waifai yangu, niende zangu nimelala.

Basi tumetua. Nafungua waifai ya uwanja, ni ya bure kwa saa moja, lakini inataka namba ya simu ikutumie ujumbe wenye nywila. Ujumbe uje kwa laini gani? Ya Tanzania sikuiunga huduma ya nje ya nchi kabla ya kuondoka, haishiki kitu. Nataka intaneti niweke laini, na intaneti inataka laini. Nilizunguka pale kama kuku aliyekatwa kichwa mpaka nikaona watu wamejipanga kwenye mashine fulani, wanaiwekea pasipoti. Mashine inasoma pasipoti, inakupa nywila. Mkipita pale itafuteni hiyo, msizunguke kama mimi.

Nimepata waifai. Nafungua barua pepe, msimbo wa QR huu hapa. Simu inaniambia ielekeze kamera kwenye msimbo. Msimbo uko kwenye skrini ya simu hiyo hiyo! Hapa msicheke, nimepokea ujumbe wa watu wengi waliokwama hapa hapa. Mama mdogo akasema, "Mwanangu, si uutume kwenye simu yangu uupige picha?" Na hilo ni jibu zuri kabisa. Ila kama uko peke yako, sikiliza.

Ule msimbo si picha ya ajabu. Ni mstari wa maandishi tu. Unaanza na LPA:1, inafuata alama ya dola, halafu anwani ya seva, alama ya dola tena, halafu namba ndefu ya kuwezesha laini. Kampuni karibu zote huandika hivyo vitu viwili chini ya msimbo, kwamba anwani ya SM-DP+ (ndiyo hiyo seva) ni hii na namba ni hii. Ukienda kwenye kuongeza eSIM, chini kabisa kuna sehemu ya kuingiza kwa mkono. Nakili, bandika. Usichape kwa kidole, herufi O na sifuri zitakutoa roho. Kwenye iPhone kuanzia iOS 17.4 ni rahisi zaidi, unabonyeza ile picha ya QR kwa muda, simu yenyewe inakuuliza kama uongeze eSIM.

Ikikataa hapo kwenye kupakua, angalia mambo matatu tu. Zima VPN. Angalia kama waifai yako ni hai kweli au imekuletea ukurasa wa kuingia ambao hujaumalizia. Na saa ya simu iwe sahihi, maana simu yenye tarehe ya uongo seva haiielewi.

Yangu ilipakuliwa. Dakika mbili hivi. Ikatokea kwenye orodha ya laini, nikashangilia. Halafu juu pale, hakuna huduma. Nikasubiri. Nikaizima simu, nikaiwasha. Hakuna huduma. Sasa ndugu zangu, hapa ndipo nilipofanya jambo ambalo nawaomba kwa magoti msilifanye. Niliifuta ile eSIM ili niiweke upya.

Tumezoea kadi. Kadi ikigoma unaitoa, unaipuliza, unaifuta kwenye shati, unairudisha. eSIM hairudishwi hivyo. Ule msimbo mara nyingi hutumika mara moja tu. Seva ikishaitoa laini kwenda kwenye simu fulani, imeshaandika kwamba imetoka. Ukiifuta kwako, kule bado inahesabika imetoka. Nikaweka msimbo tena, nikajibiwa kwamba haufai tena. Dola 11 zimekaa hewani, waifai ya bure imebaki dakika kumi na nne.

Nikawaandikia huduma kwa wateja. Kwa hilo nawapa maua yao, walijibu kabla waifai haijakata, wakanitumia msimbo mpya. Nikaweka. Hakuna huduma, vile vile! Nikawauliza, wakanirudishia swali moja fupi: umewasha Data Roaming?

Sikuwa nimeiwasha. Na sikuiwasha kwa sababu tumefundwa tangu utotoni kwamba ukivuka mpaka na roming imewashwa, salio linayeyuka. Ni kweli, kwa laini ya nyumbani. Lakini eSIM za safari nyingi, hata ikiandikwa Uturuki na bendera yake, laini yenyewe imetolewa na kampuni ya simu ya nchi nyingine kabisa, na hapo Uturuki inapanga tu kwenye minara ya wenyeji. Ni mgeni kila inapokwenda. Bila roming haiingii popote.

Swichi hiyo iko kwa kila laini peke yake. Unafungua mipangilio ya laini mpya, Data Roaming unaiwasha. Unafungua ya laini ya nyumbani, unaizima. Halafu unaangalia data inatumia laini ipi, uchague mpya. Na ile swichi inayoruhusu simu kubadilisha data kati ya laini mbili, izime, la sivyo mtandao ukiyumba kidogo simu inarukia laini ya nyumbani na bando lako linaisha ukiwa umelala. Baada ya kuwasha roming tu, laini yangu ilishika kabla sijasimama kutoka sakafuni. Kumbe ile ya kwanza niliyoifuta ilikuwa nzima.

Wapo watakaoshika mnara, vimistari vimejaa, lakini intaneti haifunguki. Hilo ni suala jingine, ni APN. Ni jina tu la mlango ambao laini inatumia kuingilia intaneti. Ukiona ujumbe unaotaja PDP, anza kushuku hapo. Jina hilo kampuni huliandika kwenye maelekezo yake, unaliingiza kama lilivyo, sehemu ya jina la mtumiaji na nywila unaacha wazi kama hawajakupa. Ikigoma bado, zima kuchagua mtandao kiotomatiki, subiri orodha ije, chagua ule ambao kampuni yako imesema ina mkataba nao. Simu wakati mwingine hung'ang'ania mnara wenye nguvu ambao haumtaki mgeni huyo.

Kuna ushauri mtasikia, weka upya mipangilio ya mtandao. Unasaidia, lakini unafuta nywila zote za waifai, na kwenye baadhi ya Android, Pixel kwa mfano, kuna kisanduku pale kinachosema pia futa eSIM. Soma kabla ya kubonyeza. Tafadhali.

Sasa mama mdogo. Ameona yangu imeshika, naye anataka. "Nami niwekee hiyo ya hewani." Simu yake ni iPhone safi kuliko yangu. Natafuta sehemu ya kuongeza eSIM, haipo. Nazunguka, haipo. Nikapiga nyota reli sifuri sita reli, ikaja IMEI, namba ya utambulisho wa simu, zikaja mbili. EID, namba ya utambulisho wa eSIM, haipo. Nikamuuliza, mama, hii simu ulinunua wapi? Guangzhou, safari iliyopita.

Ndiyo hivyo. iPhone zilizotengenezwa kwa soko la China bara zilikuja kwa miaka na sehemu ya kadi mbili, moja mbele moja nyuma ya kitreya kile kile, bila eSIM. Si mbovu, zimeumbwa hivyo. Na za soko la Marekani ni kinyume chake, kuanzia iPhone 14 hazina kitreya kabisa, ni eSIM tu. Kwa hiyo ukienda Kariakoo kununua simu iliyotumika, jina la toleo halitoshi. Piga nyota reli sifuri sita reli hapo hapo kaunta. Ikija EID, namba ndefu ya tarakimu 32, simu inakubali eSIM. Isipokuja, muuzaji asikuimbie.

Halafu, kama ni iPhone, fungua mipangilio, General, About, shuka mpaka Carrier Lock. Iandikwe hakuna kizuizi cha laini. Simu nyingi kutoka Marekani zimefungwa na kampuni ya simu ya kule, na simu iliyofungwa itaipokea eSIM vizuri tu, halafu itaikatalia kazi. Hiyo hakuna swichi itakayokuokoa.

Mama mdogo ikabidi anunue kadi ya kawaida ya Kituruki kwa pasipoti yake, na pale uwanjani bei si ya kuongelea mbele ya watoto. Kama mnafuata mzigo Uturuki mara kwa mara, jueni pia simu ya kigeni ikitumia laini ya Kituruki huachwa siku 120, baada ya hapo inafungiwa kama hujaisajili na kulipa. Na jingine, kubwa zaidi: Julai 2025 mamlaka ya mawasiliano ya Uturuki, BTK, ilizuia kurasa za kampuni kadhaa za kigeni zinazouza eSIM za safari. Laini uliyokwisha kuiweka inafanya kazi, lakini kufika pale ndipo uanze kununua, ukurasa unaweza usifunguke.

Guangzhou ndiko nilikoipenda hii bidhaa. Waifai ya hoteli, WhatsApp hakuna, Google hakuna, maana China imezizuia. Nikihamia eSIM, ujumbe unaingia mfululizo, wateja wa mama mdogo wanataka picha za viatu. Sababu ni ule ugeni wake niliousema. Data ya laini ya roming hupitishwa kwenda kutokea kwa kampuni iliyoitoa, nje ya China, haitokei kwenye lango la kule.

Laini ya nyumbani msiitoe, tafadhali. eSIM nyingi za safari ni za data peke yake, hazina namba ya kupokea ujumbe. Benki ikikutumia namba ya uthibitisho, inakwenda kwenye laini yako ya Tanzania. Ukitaka kufungua Alipay au WeChat, zile programu za Wachina za kulipia, wanataka namba. Nilichokosea mimi ni kutoipigia kampuni yangu ya simu ya nyumbani mapema wanifungulie huduma ya nje. Iache imewashwa, data yake imezimwa. Na WhatsApp ikikuuliza kama ubadilishe namba, kataa.

Uamuzi wangu? Kwa GB 5 kwa dola 11, nanunua tena, na safari ijayo nanunua kwa yule yule aliyenijibu alfajiri. Simjali anayepunguza dola mbili halafu huduma kwa wateja ni roboti linalokutakia siku njema. Kabla ya kulipa namwuliza maswali mawili kwenye chati: siku zinaanza kuhesabika lini, na nikiifuta kwa bahati mbaya utanipa msimbo mwingine? Akichelewa kujibu nikiwa nyumbani, atanijibu nikiwa sakafuni Istanbul?

Kwa mtu ambaye simu yake haina EID, msimuuzie mtu maneno kwamba abadilishe simu kwa ajili ya hii. Mama mdogo juzi karudi Laleli peke yake. Ana kadi yake ya Kituruki kaibandika kwa selotepu ndani ya pasipoti, na pini ya kutolea laini kaitundika kwenye mkufu. Alinipigia kutoka uwanjani kabla mimi sijamaliza chai.