Tume ya Mafaili ya Interpol: huduma ni bure, ila usiipelekee hotuba

Serikali ikibadilika, waliokuwa madarakani hutolewa hati za kukamatwa, na wakimbizi wa zamani hupewa msamaha. Wote hukwama mpakani kwa kitu kilekile: ilani nyekundu ya Interpol, shirika la ushirikiano wa polisi wa kimataifa, yaani ombi kwa polisi wa nchi zote wamtafute na kumshikilia mtu. Anayetaka ifutwe huandikia Tume ya Udhibiti wa Mafaili ya Interpol (CCF), yenye makao Lyon, Ufaransa.

Ada hakuna, na wakili si lazima. Ombi huandikwa kwa Kiarabu, Kifaransa, Kihispania au Kiingereza. Litiwe sahihi, liambatane na nakala ya kitambulisho, na hati ya uwakilishi kama anayeandika ni mtu mwingine. Kuuliza kama umo kwenye mafaili hujibiwa ndani ya miezi 4, kuomba kufutwa miezi 9. Saa huanza kuhesabu ombi likishakubaliwa, si siku ulipolituma, kwa hiyo sahihi iliyosahaulika hula wiki kadhaa bure. Anayeogopa kukamatwa kesho aombe humohumo taarifa zake zizuiwe kwa muda. Wengi hawajui kwamba hilo linaombwa.

Kinachoamua kesi ni Ibara ya 3 ya Katiba ya Interpol, inayokataza kuingilia mambo ya kisiasa, kijeshi, kidini au ya rangi. Uhaini na uchochezi mtupu huanguka upesi. Kazi iko kwenye ubadhirifu na matumizi mabaya ya madaraka, na hapo ndipo waombaji huharibu: kurasa nyingi za kuwalaani watawala wapya, tarehe hakuna. Weka jedwali: serikali ilianguka lini, hati ilitolewa lini, na aya ipi ya mashtaka inashindwa kusema mtuhumiwa alifanya nini. Hukumu ya nchi iliyokataa kumrejesha mtu, au uamuzi wa kumpa ukimbizi, ina uzito kuliko magazeti kumi. Viktor Yanukovych, rais wa Ukraine, alianguka Februari 2014. Ilani yake, ya ubadhirifu, ilionekana Januari 2015, na Julai mwaka huohuo ilikuwa imeondolewa mtandaoni.

Kwa waliosamehewa, gazeti rasmi la serikali lililochapisha sheria ya msamaha halitoshi peke yake. Sheria husamehe “makosa ya kisiasa” wakati hati inasema wizi wa kutumia silaha, basi haviendani. Pata amri ya mahakama inayofuta hati kwa jina lako na namba ya kesi, itafsiriwe, kisha ofisi ya Interpol ya nchi iliyoomba ilani iandikiwe iiondoe. Isipojibu, amri hiyohiyo ndiyo kielelezo chako Lyon.

Kasoro? Mwendo ni wa konokono, na nchi iliyotoa taarifa inaweza kuzuia usizione. Pia ilani ikifutwa, hati ya kukamatwa ya nyumbani inabaki hai, na kompyuta ya mpakani inaweza kuwa na nakala ya zamani. Omba barua ya Interpol inayothibitisha kwamba hutafutwi kupitia kwao, usafiri nayo.

Mwenye hati ya Mahakama ya Kimataifa ya Jinai asipoteze stempu hapa. Saif al-Islam Gaddafi, mtoto wa Muammar Gaddafi, aliegemea sheria ya msamaha ya Libya ya 2015, na Machi 2020 majaji wa rufaa wa mahakama hiyo, The Hague, wakaamua kesi yake iendelee kwao.